Mkazo wa Gololi

Obihiro, 18 Januari 1982

Dada Fumie,

Nimefika, na vidole vyangu vyote bado ninavyo. Mwambie mama asihangaike kunitumia soksi nyingine. Theluji ya huku si kitu mbele ya theluji ya kwetu Nagaoka, lakini baridi yake haina adabu: ukitoka nje ukavuta pumzi, pua inashikana. Wanasema ardhi imeganda mpaka kina cha kiuno cha mtu. Jana nilimwona mtu anapiga sururu uani, na sururu ililia kama kengele.

Mashine imesimama. Kile kichwa cha kukatia ulichokichora wewe sasa kiko juu yangu, kizito kama ng'ombe wawili, kinapanda na kushuka kwenye zile reli zako mbili bila kukwaruza. Wafanyakazi wa hapa hawajawahi kuona reli za gololi. Wamezoea chuma kuburuzika juu ya chuma na mafuta katikati. Waliponiona nakisukuma kigari chenye gololi, kile kinachotembea juu ya reli na kubeba kichwa, kwa kidole kimoja kabla hatujakifunga, walicheka wakasema kampuni yetu imewaletea kichezeo.

Na walichocheka kimekuwa kweli, dada. Tulipoanza kukata maboksi ya gia ya zile mashine zao za kuchimbua viazi, uso wa chuma ulitoka na makunyanzi. Msimamizi wa karakana, mzee Hiramatsu, alipitisha ukucha juu yake, akasikiliza, akasema, "Bwana Nagaoka, mashine yenu inatetemeka kama bwana harusi." Karakana nzima iliangua kicheko. Hilo ndilo jina langu hapa: Bwana Nagaoka.

Anataka vigari vyenye mkazo mkubwa. Mimi pia naona hivyo. Ulituwekea mkazo mdogo mno. Naomba umwambie mkubwa wako Bwana Sekizawa atutumie vigari vingine, vyenye gololi nene zaidi.

Mdogo wako,
Katsunori


Nagaoka, 25 Januari 1982

Mdogo wangu Katsunori,

Soksi zimeshatumwa. Mama hakunisikiliza, kama kawaida yake.

Umeniambia kwamba nimeweka mkazo mdogo mno. Sikatai kwamba inawezekana, lakini sikuuchagua kwa kukisia. Wewe ni fundi wa kufunga mashine, na gololi unazijua. Ila nivumilie nikukumbushe. Tukitia gololi zilizo sawasawa na nafasi yao, kigari kinacheza kidogo, nacho chuma kinatoka na makunyanzi. Tukitia gololi nene kidogo kuliko nafasi, zinabanwa kabla kazi haijaanza, na kigari hakichezi tena. Huo ndio mkazo. Mzuri, lakini kila gololi inabeba mzigo hata mashine ikiwa imelala. Na kigari chenye mkazo mdogo husamehe reli iliyopinda. Kilichokazwa sana hakisamehe. Reli ikipinda kiasi cha unywele, mzigo wote unahamia kwenye gololi chache, nazo zinaanza kumeguka.

Kwa hiyo kabla sijamwendea Bwana Sekizawa, niambie: chini ya mashine kuna nini? Zege lina kina gani, na lilimwagwa lini? Makunyanzi yako huenda hayatokani na mkazo hata kidogo.

Bwana Sekizawa tayari amepigiwa simu na mkurugenzi wa huko. Amenipitia mezani akasema, "Bi Igarashi, mteja akitaka chumvi, mtilie chumvi." Mkuu wa ofisi ya michoro akisema hivyo, unajua jambo limeshaamuliwa nusu. Nusu iliyobaki naisubiri kwako.

Dada yako,
Fumie


Obihiro, 3 Februari 1982

Dada,

Nimepima. Kipovu cha pima maji kimetulia katikati kama jicho la samaki. Reli zote mbili nimezipitia kutoka juu mpaka chini, na mchoro wako hauna kasoro, wala ufungaji wangu hauna. Nimebadilisha kisu cha kukatia, nimepunguza mwendo, nimeongeza mwendo. Makunyanzi yako palepale. Ni mkazo tu.

Mzee Hiramatsu alinialika kwake Jumapili iliyopita. Anaishi na binti yake, Kinuko, anayefundisha shule ya watoto wadogo. Walinipa wali wenye nyama ya nguruwe ya kuchoma juu yake, chakula cha mji huu, nami nilikula bakuli tatu kwa aibu. Mzee alikunywa, akaanza kusimulia mambo mengi ya kiwanda, mengine akaniomba niyaache palepale mezani. Ni mtu mwema. Mke wake alikufa Kinuko akiwa mdogo, na mzee akampikia chakula cha shule kila asubuhi mpaka binti alipomaliza. Kinuko alinieleza hayo baba yake akiwa jikoni, kwa sababu mbele yake haruhusiwi kuyataja.

Tafadhali harakisheni vigari. Maboksi yaliyoharibika yamerundikwa mlangoni, na kila nikiingia asubuhi nayapita.

Katsunori


Nagaoka, 12 Februari 1982

Katsunori,

Vigari vinne vyenye mkazo mkubwa vilipakiwa jana kwenye treni. Bwana Sekizawa ametia sahihi, na mimi nimetia yangu chini ya yake.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Umenieleza kuhusu nyama ya nguruwe na kuhusu chakula cha shule. Kuhusu zege hukunieleza neno.

Basi fanya haya. Ukishavifunga, pima reli upya vigari vikiwa juu yake, halafu upime tena kila wiki, hata kama mashine inaimba vizuri. Gusa vigari kwa kiganja kila jioni kabla ya kuzima. Joto la maji ya kuoga si neno. Ukishindwa kuacha mkono hapo, zima na unipigie simu ofisini bila kumwomba mtu ruhusa.

Paa tumelipunguzia theluji mara mbili wiki hii. Mama anakusalimu, na anauliza huyo mwalimu anapika nini.

Fumie


Obihiro, 7 Machi 1982

Dada yangu,

Laiti ungeuona uso wa chuma sasa. Unajiona ndani yake. Mkurugenzi alishuka karakana mwenyewe, akavua glavu, akapapasa, akacheka kama mtoto. Wale waliosema kichezeo sasa wanapanga foleni ya kuitumia. Mzee Hiramatsu alinishika bega mbele ya wote akasema, "Huyu si Bwana Nagaoka tena. Huyu ni mwanangu."

Ndivyo ilivyo, na sitazunguka. Nimemwomba Kinuko, na Kinuko amekubali. Utapata wifi, dada. Mkurugenzi naye anataka nibaki hapa kama fundi wa kiwanda, na nimesema ndiyo. Harusi tutafanya vuli, viazi vikishatoka shambani, maana hapa hakuna anayeoa wakati wa kazi. Naomba umweleze mama taratibu. Nitaandika kwake pia, lakini unajua herufi zangu anazisoma kwa shida.

Nilipima kama ulivyosema. Kila kitu kiko sawa. Mota inavuta umeme zaidi kidogo kuliko zamani, na kichwa kikipanda kuna kisauti, kama mtu anayetafuna mchele mbichi chumba cha pili. Mzee anasema vigari vipya vinazoeana na reli. Mimi pia nimeshazoea.

Mdogo wako mwenye furaha,
Katsunori


Nagaoka, 27 Machi 1982

Mdogo wangu,

Hongera. Nimemsomea mama barua yako polepole kama ulivyotaka. Alikwenda kuosha mchele wa kesho ingawa ulikuwa umeshaoshwa. Aliporudi akasema huko Hokkaido uliko si mbali siku hizi. Kinuko aje atutembelee wakati wa sikukuu ya Agosti.

Sasa kazi. Hicho kisauti sikukipenda. Nilichukua reli moja ofisini, nikaiwekea kipande cha bati chembamba chini ya ncha moja ili ipinde, nikavisha kigari chenye mkazo kama wako, nikakiacha kiende na kurudi mchana kutwa, siku baada ya siku. Mwanzoni kilikwenda kimya. Kisha kikaanza kutafuna mchele mbichi, kama ulivyoandika wewe. Nilipokifungua, gololi tatu zilikuwa zimemeguka maganda, na unga wa chuma umegeuza grisi kuwa nyeusi kama wino. Kigari chenye mkazo mdogo nilikipitisha kwenye reli ileile iliyopinda, na hakikuonyesha dalili yoyote.

Nilimwonyesha Bwana Sekizawa. Alisema reli za wateja wetu hazina bati chini yake. Amefurahi mno na kazi ya Obihiro, na ameagiza mashine zote zitoke na mkazo huo. Moja imeshakwenda kwenye kiwanda cha mji wa Hachinohe.

Katsunori, mashine ile haisimami hewani. Inasimama juu ya kitu. Nakuuliza mara ya tatu.

Fumie


Obihiro, 6 Aprili 1982

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nimekaa chini ili nijibu vizuri.

Sema wazi kwamba hutaki nioe huku. Usijifiche nyuma ya gololi. Naelewa: nikibaki Obihiro, mama anabaki mikononi mwako, na wewe umeshakataa watu wawili waliokuposa kwa ajili ya kazi na nyumba. Hilo ni jambo la kuzungumza, na mimi sitalikimbia. Lakini usiniletee kipande cha bati. Tangu utotoni ukitaka kunizuia jambo husemi hapana. Unaniuliza maswali mpaka nichoke.

Mzee Hiramatsu amekuwa kiwandani humu tangu kikiwa banda la mhunzi. Sakafu ni kazi yake, aliisimamia mwenyewe. Ukiitia shaka sakafu unamtia shaka yeye, na sitakwenda kumuuliza baba wa mchumba wangu kama anajua kumwaga zege.

Mashine inakata vizuri. Huku kumeanza kupata joto. Barabara ni matope matupu, magari yanazama mpaka ekseli, na Kinuko anakwenda shuleni amebeba viatu mkononi.

Katsunori


Nagaoka, 15 Aprili 1982

Katsunori,

Umeniumiza, lakini hilo litasubiri.

Nilipofika kwenye neno matope nilipiga simu kiwandani kwenu. Alipokea mzee Hiramatsu. Nilijitambulisha, nikamuuliza kuhusu sakafu kwa adabu zote. Akasema tu kwamba wewe uko mashambani na atakuambia nimepiga. Siku mbili baadaye nikapiga tena, akajibu vilevile. Kama hakukuambia, sasa nimekuambia.

Natuma vigari vinne vyenye mkazo mdogo. Bwana Sekizawa hajui. Makunyanzi yakirudi, yarudi. Boksi lenye makunyanzi linaweza kusuguliwa.

Kuhusu mama na mimi: oa. Nilitaka kulisema hili tangu barua ya kwanza nikaona halihitaji kusemwa.

Fumie


Obihiro, 23 Aprili 1982, kwa posta ya haraka

Dada Fumie,

Hakuniambia kwamba ulipiga.

Leo nimeshindwa kuacha mkono juu ya kigari cha chini, upande wa kulia. Na kwenye trei ya mafuta nimeokota nusu ya gololi. Nimeiweka mezani hapa naandika naitazama. Imepasuka katikati, na ndani ina rangi ya kijivu.

Zege lilimwagwa Novemba. Ardhi ilikuwa imeshaanza kuganda. Walitakiwa wachimbe mpaka chini ya barafu na kujaza kokoto, lakini mkurugenzi alitaka sakafu iwe tayari kabla ya mwaka kwisha, kwa hiyo walichimba kina cha goti. Mzee aliwasha majiko ya mkaa pembeni na kufunika mikeka ya majani ili zege lishike. Likashika. Majira yote ya baridi lilikaa juu ya udongo uliokuwa mgumu kama jiwe, na mimi nikapima nikakuandikia jicho la samaki. Hayo ndiyo aliyoniomba niyaache mezani Jumapili ile. Nilidhani ni siri ya aibu ya mtu mzima, basi. Sikuiona kuwa ni jambo la mashine.

Leo nimeweka pima maji. Jicho limekwenda pembeni, na nilipoipeleka kwenye mguu wa pili wa mashine likakwenda pembeni upande mwingine. Sakafu imejipinda. Inazama upande wa mlangoni ambako jua linapiga.

Nimemwambia mzee. Hakukasirika. Aliketi kwenye benchi akavua kofia. Tarehe ishirini na nane vyama vya wakulima vya mkoa mzima vinakuja kuona mashine ikikata, mkurugenzi ameshawatumia mwaliko. Mzee amesema, "Mwanangu, tuvuke siku hiyo. Wakiondoka tu naizima mwenyewe, na mimi ndiye nitakayekwenda kwa mkurugenzi." Nimekubali. Ni siku chache tu, na tunaiendesha polepole.

Niambie mkazo upi utafaa sasa kwa reli zilizopinda hivi. Wewe ndiye unayejua.

Katsunori


Nagaoka, 25 Aprili 1982, kwa posta ya haraka

Katsunori,

Hakuna mkazo unaofaa kwa sakafu inayotembea.

Usisubiri wageni. Kigari kimoja kikikwama, mota itaendelea kulizungusha lile parafujo kubwa linalobeba kichwa mpaka kiungo chake kikatike, na bila kiungo hicho hakuna kingine cha kukizuia kichwa isipokuwa hivyo vigari vilivyokwama. Vikiachia, kinaanguka.

Kishushe kichwa mpaka chini kabisa. Weka magogo chini yake. Kisha vifunge vigari nilivyotuma, na mzee aende kwa mkurugenzi.

Nimepiga simu bwenini kwenu. Mlinzi amesema umehamia kwa Hiramatsu. Kwao hakuna simu, na ya kiwandani anaipokea mzee.

Fumie


Obihiro, 4 Mei 1982

Kwa Dada Fumie,

Sijui nikuite wifi au nisikuite. Mimi ni Kinuko, binti wa Hiramatsu. Katsunori ameshindwa kuandika, na ulipopiga simu nyumba ya jirani sikuweza kusema zaidi ya lile neno moja. Nimeona una haki ya kujua lilivyokuwa.

Barua yako ya haraka ilifika asubuhi ya tarehe ishirini na nane. Katsunori alimsomea baba wakati wa kifungua kinywa. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada yako ana akili, tena ana hasira. Tutafanya anavyosema, baada ya wageni." Katsunori alisimama akasema ni sasa hivi, wakabishana, mara yangu ya kwanza kuwasikia. Mwishowe Katsunori alinyamaza. Kwetu mtu mzima akishasema neno la mwisho watu hunyamaza, na nadhani kwenu pia.

Wageni walikuja. Mashine ilikata, wakapiga makofi. Mkurugenzi akawapeleka kula. Karakana ikabaki na baba, Katsunori na fundi mmoja wa umeme. Ikaja taarifa kwamba mzigo wenu umefika stesheni. Baba akamwambia Katsunori, "Kazilete gololi za dada yako. Leo tunaifungua." Katsunori akachukua baiskeli akaenda.

Yaliyofuata nimeambiwa na fundi wa umeme. Baba alibonyeza kitufe cha kushusha kichwa. Kilishuka kidogo kikakwama juu ya kimo cha mtu. Alibonyeza tena, na tena. Mota ililia. Akasema kimekwama, basi kimekwama, hakiendi popote. Akabeba gogo begani ili akiwekee chini kama ulivyoagiza, asije mtu mwingine akapita. Fundi anasema alisikia mlio kama barafu ya mtoni inapopasuka.

Baba aliishi mpaka siku ya pili jioni. Alikuwa na fahamu. Alimwita mkurugenzi hospitalini akamweleza kuhusu zege mbele ya daktari. Kisha akamwambia Katsunori, "Usimwambie dada yako kuhusu gogo." Kwa hiyo Katsunori hakuandika. Mimi sikuahidi kitu.

Simlaumu mtu, wala sijui kama nasema kweli nikisema hivyo. Katsunori amerudi bwenini; ananiletea maji kila asubuhi na kuondoka bila kuingia. Sijui kama nitaweza kuketi naye meza moja. Bado naweka bakuli tatu mezani.

Hiramatsu Kinuko


Obihiro, 13 Mei 1982

Dada,

Kinuko ameniambia alichokuandikia. Nilitaka usijue.

Mkaguzi wa kazi amekuja kutoka Sapporo. Nimemweleza yote, pamoja na ile Jumapili na ile asubuhi. Mkurugenzi amesema mzee alifanya kwa kichwa chake na hakuna aliyemharakisha. Karakana nzima inajua si kweli, na karakana nzima inatazama viatu vyake. Nilisimama mbele ya mkaguzi nikasema si kweli. Nimefukuzwa siku hiyohiyo.

Siondoki. Kinuko hakuniambia niondoke wala nibaki, na mpaka aseme nitakuwa nachimba mitaro kwa mkulima mmoja hapa jirani. Ukichimba unaiona ardhi ilivyo. Juu ni uji, na katikati bado kuna vipande vyeupe vya barafu vinavyoyeyuka kimoja kimoja.

Nililala nikifikiria Hachinohe. Mashine yao ilikwenda Machi. Mkazo ni uleule. Nani alimwaga sakafu yao, na lini?

Katsunori


Hachinohe, 20 Mei 1982

Mdogo wangu Katsunori,

Nakuandikia kwa penseli, karatasi ikiwa juu ya goti, kwa hiyo usizicheke herufi zangu.

Nilimpelekea Bwana Sekizawa barua yako na ya Kinuko. Alizisoma zote akiwa amesimama dirishani. Alisema tuwaandikie Hachinohe, kwa lugha ya upole, wasije wakataharuki. Nilimuuliza barua ya upole itachukua muda gani kupata sahihi zote. Nikamwambia nachukua likizo, nikaenda nyumbani, mama akanifungia wali ndani ya kitambaa bila kuuliza nakwenda wapi. Aliniambia tu nile kabla haujakauka.

Nimefika hapa saa nne asubuhi. Msimamizi wao ni mtu mpole, kijana kuliko nilivyodhani, anaitwa Kamiyama. Alinipokea vizuri. Alisema mashine ni nzuri mno, inakata kama kioo, hawana lalamiko hata moja. Nikamuuliza kuhusu sakafu. Akasema ni mpya kabisa. Nikamuuliza ilimwagwa mwezi gani. Akaangalia saa yake.

Sikusubiri tena. Nilikwenda kwenye mashine. Nilikisikia kabla sijakifikia, kile kisauti chako cha mchele mbichi, na katikati yake pakiwa na kitu kingine, kama jino linalogonga jino. Ardhi ya hapa imeshalainika siku nyingi. Kama ilikuwa na la kufanya, imeshalifanya. Chini ya kichwa alikuwapo mama mmoja amejifunga kitambaa, anafagia vipande vidogo vya chuma kilichokatwa, na kichwa kinapanda na kushuka juu ya mgongo wake.

Nilimvuta mkono. Nadhani nilimvuta vibaya, kwa sababu alianguka. Kisha nikapiga kitufe chekundu, nikaenda ukutani nikaizima swichi kubwa. Kichwa kilikuwa kimesimama juu ya kimo cha mtu.

Sikuwaambia wakishushe, wala waweke magogo. Nimewaambia walete mnyororo wa winchi, wakining'inize kutoka juu, na asipite mtu yeyote chini yake mpaka kining'inizwe. Neno hilo nilipaswa kuliandika katika barua ya tarehe ishirini na tano ya Aprili. Nimelijua sasa.

Kamiyama ameniambia sina mamlaka hapa, na ni kweli. Wengine wameniambia niondoke, mwingine amenitukana. Yule mama mfagiaji amesimama mlangoni anajisugua kiwiko. Hajarudi kwenye ufagio wake. Mimi nimeketi juu ya sanduku la spana, mgongo nimeuegemeza kwenye swichi. Atakayetaka kuiwasha itambidi anibebe kwanza, na mimi si mwepesi, unanijua.

Wamekwenda kumwita mkurugenzi. Nasikia viatu vingi ngazini. Mnyororo bado haujaja.

Dada yako,
Fumie